Homa ya Ini Iliyojificha na Dawa za Saratani

Mtu aliyeugua homa ya ini aina ya B, umanjano wa macho ukamtoka, na vipimo vikaonyesha kwamba antijeni ya ganda la kirusi haimo tena damuni mwake, huambiwa na tabibu kuwa amepona, na kwa maisha ya kila siku kauli hiyo ni sahihi. Walakini ndani ya viini vya baadhi ya seli za ini lake husalia DNA ya kirusi, imejikunja duara, wala hakuna dawa ya leo inayoifuta kwa yakini. Kinachoizuia isizaane ni kinga ya mwili peke yake.

Dawa nyingi za saratani hudhoofisha kinga hiyo. Iliyo kali zaidi kwa jambo hili ni rituksimabu, wapewayo wagonjwa wengi wa saratani ya tezi za limfu, kwa kuwa huangamiza seli B, ambazo ni asili ya kingamwili, na athari yake hudumu miezi mingi baada ya dripu ya mwisho. Ndiyo sababu mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo la homa ya ini liwekwe katika kisanduku cha maelezo yake. Tena balaa hili la kirusi kuamka upya lina hila: kirusi huzaana mgonjwa asihisi kitu, kisha kinga inaporejea huzishambulia seli zilizojaa kirusi, ini likavimba, pengine likashindwa kabisa, na aghalabu wakati huo mwenyewe amekwisha rudi kwao, na jamaa wakiona macho ya manjano husema ni nguvu za dawa.

Kipimo cha ukanda kilichozoeleka zahanati hutafuta ile antijeni ya ganda tu, nacho kwa mtu huyu hutoka hasi. Kinachomfichua ni kipimo cha kingamwili ya kiini cha kirusi, anti-HBc, isiyoletwa na chanjo bali na maambukizo. Mtu mzima wa Tanzania, aliyezaliwa kabla ya chanjo kuanza kupewa watoto wachanga mwaka 2002, ana haki ya kukiulizia kabla ya dripu ya kwanza. Nami sioni udhuru wa kukiacha ati saratani haina subira, maana damu huweza kutolewa leo na tiba ikaanza jibu likingojewa. Likiwa chanya, mgonjwa wa rituksimabu huongezewa tembe ya kila siku, entekaviri au tenofoviri, hii ya pili ikiwa ile ile iliyomo katika dawa za UKIMWI, naye huimeza kwa mwaka mzima au zaidi baada ya tiba kwisha, na ini lake huendelea kupimwa hata tembe zikishakomeshwa.