Mkwaruzo wa Bampa na Ustadi wa Rangi Mjini Juba

Gari jipya linapoingia Juba, liwe limetoka kiwandani moja kwa moja au limeshushwa bandarini Mombasa baada ya kutumika miaka kadha wa kadha huko Japani, huwa limekwisha kukatiza Kenya na Uganda kwa mwendo mrefu, likavuka mpaka baina ya Elegu na Nimule, na likamaliza kilomita 192 za barabara iliyotiwa lami na kukamilika mwaka 2012. Nalo aghalabu hufika salama, likimeremeta hata mwenyewe akajitazama usoni katika boneti. Kisha, kabla hajamaliza kulizoea, bodaboda iliyopenya mahali pasipopenyeka katika msongamano wa soko la Konyo Konyo, au nguzo ya lango asiyoipima sawasawa alipokuwa akirudi nyuma, humwachia alama katika pembe ya bampa, na fakhari ya mali mpya ikageuka kuwa fadhaa. Hapo ndipo wengi hukosea kwa haraka, wakakimbilia kupuliza bampa zima rangi ilhali dosari yenyewe ingaliondoka kwa kitambaa na nusu saa ya kazi, au wakampa fundi wa bei nafuu jeraha lililohitaji matayarisho ya siku nzima. Mkwaruzo, kabla ya kutibiwa, hauna budi usomwe.

Juba ina sababu yake mahsusi ya kukwaruza magari. Sudan ilihamia upande wa kulia wa barabara mwaka 1973, na Sudan Kusini, ilipojitenga tarehe 9 Julai 2011, ilibaki na kanuni hiyo. Lakini magari mengi yaendayo mjini hupitia Mombasa na Kampala, ambako watu huendesha upande wa kushoto, na kwa hiyo usukani wake uko kulia. Natija yake ni kwamba dereva hukaa upande wa ukingo wa barabara, na pembe ya mbele ya kushoto, ambayo ndiyo inayokabiliana na magari yajayo, ndiyo iliyo mbali kabisa na macho yake. Fauka ya hayo, katika vitongoji kama Gudele na Munuki njia nyingi bado ni za murramu, ambamo vijiwe hurushwa na gari la mbele na kumpiga wa nyuma. Na gari lililorudi kutoka huko likapanguswa kwa kitambaa kikavu chenye mchanga, hupata mikwaruzo midogo midogo isiyohesabika, iliyoletwa na mkono wa mwenyewe wala si na adui yeyote.

Bampa la leo silo bampa la zamani. Hapo kale lilikuwa chuma kilichopakwa madini ya kung'aa, nalo lilipogongwa lilipinda na kubaki limepinda. Mwaka 1968 gari la Pontiac GTO lilitoka Marekani na bampa la mbele linalonyumbuka, lenye rangi moja na mwili wa gari. Mwaka 1972 Renault 5 ya Ufaransa ikaja na mabampa ya plastiki. Na kanuni za Marekani zilizoanza na magari ya mwaka 1973, ambazo zilitaka bampa listahimili kugongwa kwa mwendo mdogo, zikawasukuma watengenezaji kuacha chuma kitupu. Siku hizi bampa la gari dogo aghalabu ni polipropilini iliyochanganywa na mpira, yaani plastiki ibonyeayo na kurudi, isiyoshika kutu kamwe. Katika sifa hiyo ya mwisho mna faraja kubwa ambayo wenye magari huisahau: mkwaruzo wa mlango wa chuma, ukiachwa wazi tangu Aprili mpaka Oktoba, majira ya mvua za Juba, huzaa kutu itakayotafuna chini ya rangi, ilhali mkwaruzo wa bampa la plastiki unaweza kungoja mwaka mzima bila ya kuongezeka kwa ubaya. Wenye Land Cruiser za kazi, zile za jamii ya 70 ambazo bampa lake la mbele ni la chuma, hawana wasaa huo. Wenye Prado na V8 wanao.

Rangi iliyo juu ya plastiki hiyo ni ya matabaka. Chini kabisa ni praima ya kuishikisha, juu yake ni rangi yenyewe, na juu kabisa ni tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia, nalo ndilo litoalo mng'ao na kuzuia jua. Klia ya kiwandani haizidi sana sehemu 50 za elfu za milimita moja, wembamba usiofikia unywele wa kichwa, na mikwaruzo mingi ya mjini huishia ndani yake. Mwili wa chuma huchomwa katika tanuri la kiwanda kwa joto la nyuzi 140 hivi, lakini bampa lingeharibika umbo kwa moto huo, kwa hiyo hupakwa peke yake na kukaushwa kwa nyuzi 80 hivi. Ndiyo maana hata gari lisiloguswa na fundi yeyote huweza kuonyesha hitilafu ndogo ya rangi baina ya bampa na ubavu, na si haki kumlaumu fundi kwa tofauti iliyozaliwa kiwandani.

Basi mkwaruzo husomwaje? Kwanza osha bampa kwa maji mengi na sabuni, kwa kuwa baadhi ya yale tuyaonayo kuwa mikwaruzo ni rangi ya gari jingine iliyosalia juu ya rangi yetu. Alama hiyo hutoka kwa kitambaa safi kilichotiwa spiriti kidogo au kwa kampaundi ya kung'arishia, na chini yake rangi ya asili hukutwa ni nzima. Pili, lowesha mahali penyewe: mstari ukitoweka ukiwa umelowa na kurejea ukikauka, umo ndani ya klia. Tatu, pitisha ukucha kwa kukingama, ukiteleza bila ya kunasa, jeraha ni la juu juu, ukinasa, limezama. Nne, tazama kilichofichuka: ukiona weusi au kijivu katika gari jeupe, umefika kwenye plastiki au praima, na hapo kampaundi yote ya sokoni haitafaa kitu, kwani haiwezekani kung'arisha rangi isiyokuwapo.

Mkwaruzo wa ndani ya klia hutibiwa kwa kupunguza, wala si kwa kuongeza. Fundi hulainisha mahali hapo kwa msasa wa maji namba 2000, kisha 3000, kwa mkono mwepesi na maji yasiyokauka, halafu akarudisha mng'ao kwa kampaundi na polishi. Kazi hii haitaki kurudiwarudiwa, maana kila safari hupunguza klia ambayo haikui tena. Na afadhali mstari hafifu uonekanao kwa mtafutaji tu kuliko doa kubwa lililokwanguliwa mpaka rangi ikaachwa uchi kwa jua. Tobo dogo lililofika kwenye praima, kama lile la kijiwe, hujazwa kwa tone la rangi katika ncha ya brashi nyembamba, tone juu ya tone, likiachwa likauke baina ya moja na jingine.

Jeraha lililofika kwenye plastiki ndilo limpambanualo fundi na mpiga rangi. Polipropilini ina tabia ya kukataa rangi. Rangi iliyopakwa juu yake bila ya praima maalumu ya plastiki hupendeza siku ya kulipwa, kisha ikabanduka kama ngozi baada ya kuoshwa mara chache kwa maji ya nguvu. Mpango wake ni huu: bampa huoshwa, hufutwa mafuta, hupigwa msasa namba 320 na kuendelea mpaka kingo za mkwaruzo zilainike, shimo hujazwa puti ya plastiki inayonyumbuka, wala si puti ngumu ya chuma, ambayo hupasuka bampa likibonyea, hufutwa tena, huja praima ya plastiki, kisha praima ya kujazia, msasa namba 600 au 800, rangi katika mikono miembamba, na mwisho klia iliyochanganywa na kigumishi chake kwa kipimo alichoandika mtengenezaji, wala si kwa kukisia. Rangi huweza kufifishwa mahali palipoharibika tu, lakini klia yafaa ipakwe mpaka kwenye mkunjo au mwisho wa bampa, kwa sababu ukingo wa klia ulioishia katikati ya uwanja huja kuonekana. Na hatua ya kufuta mafuta isidharauliwe: rangi haishiki penye mafuta kama hina isivyoshika kiganja kilichopakwa mafuta, na dawa za kung'arisha matairi zenye silikoni, zipendwazo na waosha magari, huacha utando usioonekana ambao huizalia rangi mpya vitobo vidogo vya mviringo.

Katika kupatanisha rangi, jicho peke yake ni shahidi dhaifu. Kila gari lina namba ya rangi katika kibao cha maelezo. Kwa Toyota hupatikana kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti, penye herufi C/TR. Magari mawili meupe yaliyoegeshwa pamoja huweza kuwa mambo mawili mbalimbali: namba 040 ni nyeupe ya kawaida, nyepesi kupatanishwa, nayo imeenea mno katika magari ya mashirika, namba 070 ni nyeupe ya lulu, itakayo tabaka la tatu baina ya rangi na klia, na idadi ya mikono ya lulu ikizidi au kupungua, bampa hugeuka rangi jua linapolipiga ubavuni. Mwenye rangi ya lulu au ya fedha atake fundi ajaribu kwanza juu ya kipande cha bati, akilinganishe na gari nje katika mwanga wa mchana, kabla ya kuligusa bampa.

Hewa ya Juba nayo ni mshiriki asiyealikwa. Mwezi Machi 2024 joto lilizidi hata serikali ikafunga shule nchini kote. Na katika joto la namna hiyo thina ya kawaida huruka kabla rangi haijatandaa, ikaacha uso wenye chembechembe kama ganda la chungwa. Fundi hodari hutumia thina ya polepole, hufanya kazi asubuhi mapema, humwagia sakafu maji ili vumbi litulie, na hupaka ndani ya kuta, hata zikiwa za turubai. Wakati wa mvua ubaya huwa kinyume chake: unyevu hunaswa ndani ya klia, ikafifia na kuwa nyeupe kama ukungu. Baada ya kazi, gari lisitiwe nta kwa mwezi mmoja, ili rangi ipumue na kukomaa.

Kuna mtu mmoja katika habari hii ambaye wenye magari hawamtaji, naye ni fundi mwenyewe. Katika gereji za Juba wamo Waganda, Wakenya, Wakongo na wenyeji, na wengi hupuliza rangi wakiwa wamejifunga kitambaa tu puani. Kigumishi cha klia kina isosianeti, kemikali iwezayo kuleta pumu ya kudumu, na kitambaa hakizuii mvuke wake hata kidogo. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, imeiweka kazi ya upakaji rangi miongoni mwa zile zinazosababisha saratani kwa binadamu. Barakoa yenye vichujio vya mvuke, na watoto kuwekwa mbali, ni sehemu ya gharama ya kazi, wala si anasa.

Kwa hiyo mwenye gari asimuulize fundi kwanza bei, bali amuulize atafanya nini kabla ya kupuliza rangi. Atakayetaja kuosha, kufuta mafuta, msasa, praima ya plastiki na namba ya rangi, huyo apewe kazi na alipwe saa zake za msasa bila ya kunung'unika. Atakayeahidi kumaliza kabla ya chai kupoa, aagwe kwa adabu. Mkwaruzo usionasa ukucha usipelekwe kwenye rangi, na mkwaruzo uliofika kwenye plastiki usikabidhiwe fundi asiye na praima ya plastiki.