Mikono Iliyonawa



Watu wengi hudhani kwamba mtu akienda kanisani kila Jumapili, akatoa sadaka, na kujua wakati wa kusimama na wa kupiga magoti, basi amekwisha kuwa Mkristo. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka mwaka 2019, nilipokuwa kidato cha pili hapa Bwera.

Yesu aliwakemea Mafarisayo kwa kuwa walitoa zaka hata ya mnanaa na bizari, huku wakiacha mambo makubwa, yaani haki, rehema na imani. Angalieni vema: hakusema kwamba zaka ni mbaya. Aliwataka wafanye yale makubwa bila kuyaacha haya madogo. Mafarisayo hao walinung'unika pia wanafunzi wake walipokula bila kunawa. Kunawa huko hakukuwa kwa ajili ya uchafu, bali kwa kushika desturi ya wazee.

Habari hii ya kunawa ndiyo iliyonigusa mimi. Bwera iko karibu na mpaka wa Kongo. Wakonzo wa huku na Wanande wa ng'ambo ni ndugu, na husikilizana kwa lugha; kila siku watu huvuka Mpondwe kwenda sokoni, shambani au matangani. Mwezi wa Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa Kivu Kaskazini, na hata ulipokwisha Juni 2020 ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200. Kwa hiyo huku kwetu tuliishi kwa hofu, na ndoo za maji ya dawa ziliwekwa mahali pengi.

Jumapili moja nilinawa vizuri mlangoni pa kanisa, nikaingia. Akaja mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, akaketi kwenye benchi letu. Matamshi yake yalikuwa ya ng'ambo. Jirani akamwuliza, naye akajibu kwa upole kwamba amepimwa joto kivukoni na ameonekana mzima. Hata hivyo tulisogea, mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki peke yake. Mimi nilikuwa wa pili kusogea. Kisha tukasimama, tukaimba. Mama yule alitoka kabla ya mahubiri kwisha.

Majuma machache baadaye, Juni 2019, mtoto wa miaka 5 aliyetoka Kongo na jamaa zake alifikishwa hospitali ya Kagando, ambayo ni ya Kanisa la Uganda. Wauguzi hawakumfukuza. Walimtazama, wakashuku Ebola, naye akapelekwa hospitali ya Bwera, penye wodi ya kuwatenga wagonjwa hao. Tarehe 11 ugonjwa ulithibitishwa. Mtoto alifariki, na bibi yake pia. Lakini maradhi hayakuenea kati ya watu wa Uganda.

Wauguzi hao nao walinawa mikono, tena mara nyingi kuliko sisi. Lakini wao walinawa wapate kumkaribia mgonjwa na kuwalinda wengine, hali mimi nilinawa nikamkimbia mzima. Maji ni yale yale.

Hapo ndipo nilipoyafahamu yale maneno matatu. Haki ni kumpima mgeni kwa kipimo kile kile cha mwenyeji, na akionekana mzima kumkubali. Rehema ni kumhudumia mgonjwa bila kumlaumu kwa ugonjwa wake. Imani ni pamoja na uaminifu: kutimiza kazi yako hata ikiwa ya hatari, hata pasipo mtu wa kukusifu. Siku zile mikutano mikubwa ilisimamishwa, hata ya sala, na wengine walisema imani imepungua. Mimi naona haikupungua. Ilikuwa kazini wodini.

Basi, ndugu zangu mliopo shuleni na ninyi mliotutangulia, nendeni kanisani, mwimbe na mtoe sadaka, hayo yafaa. Ila kila mmoja ajiulize: ibada yangu inanisogeza karibu na nani, na inanisogeza mbali na nani?

Mama yule sikumwona tena. Msamaha wangu sina wa kumwomba. Ndiyo sababu nimeuandika hapa.