Kivuli cha Kiangazi na Maji ya Makutupora

Oktoba huko Kizota, magharibi mwa jiji la Dodoma, nyasi zimeshakauka na vumbi limetanda, lakini mwarobaini uliopandwa uani bado una kivuli. Kivuli hicho kinalipiwa kwa maji.

Jani lina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Ndimo inamopita hewa ukaa ambayo mti huigeuza kuwa chakula na hatimaye shina, na ndimo mvuke unamotokea. Vikifunguka, vyote viwili hupita. Kujenga kilo moja tu ya mti mkavu hugharimu mamia ya lita za maji. Ndiyo maana jua likizidi ukali miti mingi huvifunga vitundu hivyo, na mingine hupukutisha majani kabisa.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na wastani wake kwa mwaka haufiki milimita 600. Baada ya hapo, mti unaobaki kijani hutegemea unyevu ambao mizizi yake inaufikia chini.

Na maji ya chini hayajazwi kila mwaka. Vipimo vya visima vya Makutupora, chanzo kikuu cha maji ya jiji, vinaonyesha kwamba kati ya 1955 na 2010 misimu saba tu yenye mvua kubwa ilileta kama asilimia 60 ya maji yaliyozama ardhini. Mvua za El Niño za 1997/98 zilikuwa miongoni mwake.

Kampeni ya Kijanisha Dodoma ilizinduliwa Desemba 2017, na jiji linahitaji miti kwelikweli. Lakini kabla ya kuhesabu miche, aina yake ndiyo ya kuulizwa kwanza. Mkaratusi unaokua haraka hufyonza hewa ukaa nyingi, na maji mengi vilevile; Mufindi yenye mvua nyingi unavumilika, Dodoma ni mzigo.

Mbuyu huvaa majani wakati wa mvua na kuyaacha kiangazi. Mkababu hufanya kinyume: hupukutika mvua ikinyesha, hivyo mtama chini yake hupata mwanga.

Vijijini, wakulima wengi wamechukua njia ya Kisiki Hai: huchagua machipukizi bora ya kisiki kilichokatwa, hupogoa mengine na kuyalinda yaliyobaki dhidi ya mifugo. Mizizi iko ardhini tayari, kwa hiyo hakuna anayelazimika kubeba ndoo kwenda kumwagilia.