Kitufe kimetoroka kwenye skrini? Usikisie pikseli, muulize mzazi wake

Umekesha wiki tatu ukiunda apu. Kwa simu yako inang'aa kama matatu mpya ya Rongai. Kisha unampa mteja aijaribu kwa simu yake, na kitufe cha kulipa hakipo. Yaani hakipo kabisa!

Mimi yamenipata. Mteja alikuwa mama mmoja wa duka la nguo mtaani, na ile doo nilikuwa nimeshaipangia kodi ya nyumba. Mathe akatazama skrini, akaniuliza kwa upole: "Sasa mwanangu, mtu atalipa akibonyeza wapi?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ukiacha chuo kama mimi, kazi yako ndiyo cheti chako, na cheti changu kilikuwa kimekatika upande wa kulia.

Kumbe simu yake ilikuwa nyembamba kuliko yangu, na alikuwa ameongeza ukubwa wa maandishi kwa sababu ya macho. Tena mimi nilijaribu apu kwa Kiingereza. "Checkout" ni herufi 8. "Kamilisha malipo" ni 15. Hesabu hiyo pekee ilitosha kukisukuma kitufe nje.

Nilikuwa natumia Flutter, zana ya Google iliyotoka toleo la 1.0 Desemba 2018. Humo karibu kila kitu ni wijeti: maandishi, kitufe, hata nafasi tupu. Na wijeti huishi kama familia. Mzazi humpa mtoto mipaka. Mtoto huchagua ukubwa wake ndani ya mipaka hiyo. Kisha mzazi ndiye huamua mtoto akae wapi. Ukishika hayo matatu, shida nyingi za mpangilio zinaacha kuwa uchawi.

Ukiwa bado unaunda, Flutter hukuonya kwa mistari ya njano na nyeusi palipofurika. Lakini kwenye toleo analopata mteja, mistari hiyo haiko. Kitu kinatoka nje ya skrini kimyakimya.

Kosa letu wengi ni kukisia. Unapunguza maandishi kutoka 16 hadi 12, mistari inapotea, unashangilia. Ukibadilisha simu, imerudi! Usitibu namba, tibu familia. Hizi hapa kesi nne utakazokutana nazo:

Maandishi ndani ya Row yanapita ukingo. Row huwaacha watoto wake wa kawaida wachukue upana wowote wanaotaka, kwa hivyo sentensi inajinyoosha mstari mmoja mpaka nje. Yafunge kwa Expanded, yapate nafasi iliyobaki tu, na maneno yatashuka mstari wa pili.

ListView ndani ya Column inaleta hitilafu ya urefu usio na kikomo. Column inamwambia mtoto, "panda utakavyo," na orodha nayo inataka nafasi yote iliyopo. Nani atasema basi? Hapa pia, Expanded.

Kibodi ikipanda, fomu inafurika chini. Skrini imepungua, fomu haijapungua. Iweke ndani ya SingleChildScrollView ili mtu aisogeze kwa kidole.

Umeandika upana 100 lakini boksi linajaza skrini nzima. Si ukaidi. Mzazi amelazimisha ukubwa, na neno lake ndilo la mwisho. Liweke boksi ndani ya Center, litapumua.

Hujui mkosaji ni nani? Fungua Flutter Inspector uone nani ni mzazi wa nani na amepewa mipaka gani. Au tumia mbinu ya kijijini: paka kila boksi rangi tofauti. Nyekundu ikijaa mahali ulipotarajia buluu, umemkamata.

Kuna njia ya mkato utaiona: kufunga ukubwa wa maandishi ili apu ipuuze mpangilio wa simu. Tafadhali, usifanye hivyo. Mathe hakuongeza maandishi kwa kupenda, aliongeza ili asome. Ukimfungia, unamfukuza dukani kwake mwenyewe.

Mimi nilifunga jumla ya bei kwa Expanded, kitufe kikarudi. Mstari mmoja, baada ya siku mbili za kupunguza namba bure. Nilimpelekea mathe, akabonyeza, akacheka, akanilipa.

Kwa hivyo kabla hujalala leo, fungua apu yako. Ongeza maandishi ya simu hadi mwisho, geuza lugha iwe Kiswahili, kisha omba rafiki mwenye simu ndogo kuliko zote mtaani akukopeshe dakika tano. Afadhali uaibike mbele ya beshte yako kuliko mbele ya mtu aliyebeba kodi yako.