Damu haipandi licha ya vidonge? Huenda tatizo liko tumboni

Umemeza vidonge vya kuongeza damu miezi mitatu bila kuruka siku. Dawa ya minyoo umekunywa. Kisamvu na dagaa unakula kama ulivyoelekezwa kliniki. Ukirudi kupima, damu iko palepale na uchovu haukuachi. Pengine umeshaambiwa pia kwamba tezi ya shingo, yaani thairoidi, haifanyi kazi vizuri. Kama hali hiyo ni yako au ya mwanao, soma makala haya hadi mwisho.

Kwa wakazi wa Masasi na Newala, kama ilivyo kwingine nchini, upungufu wa damu huwa na sababu zinazojulikana: malaria, minyoo ya safura, kichocho, selimundu, ujauzito, hedhi nzito na mlo duni. Daktari huanza na hizo, na ndivyo inavyotakiwa. Zikishatibiwa na damu bado haipandi, lazima tujiulize: je, utumbo unafyonza unachokula?

Upo ugonjwa unaoitwa seliaki. Mwenye ugonjwa huu akila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, kinga ya mwili wake hushambulia utumbo mwembamba. Sehemu ya mwanzo ya utumbo huo ndiyo inayofyonza madini ya chuma. Ikiharibika, vidonge vingi hupita bila kufanya kazi. Aidha, mtu ambaye kinga yake inashambulia utumbo yuko katika hatari zaidi ya kinga hiyo kushambulia na thairoidi.

Wapo wanaoharisha na kujaa gesi, na watoto wanaodumaa. Wengine tumbo haliwasumbui kabisa, dalili pekee ni damu kupungua.

Hata hivyo, usijipe jina la ugonjwa kabla ya kupima. Kwanza hupimwa damu kutafuta kingamwili, kisha huweza kuchukuliwa kipande kidogo cha utumbo kwa kamera inayopitishwa mdomoni. Usiache ngano kabla ya vipimo, kwani majibu yanaweza kusema huna ugonjwa wakati unao. Vipimo hivi havipo kila mahali, hivyo mwombe daktari wako, awe Mkomaindo, Ndanda au Newala, akueleze pa kuvipata.

Ikithibitika ni seliaki, tiba ni kuacha gluteni maisha yote. Hapo mkazi wa uwanda wa Makonde ana unafuu, kwa sababu chakula chake cha asili hakina gluteni: ugali wa mahindi, mtama au muhogo, wali, ming'oko, mbaazi, kunde, njugumawe na korosho. Vya kuacha ni chapati, maandazi, mkate, tambi, biskuti na bia ya shayiri.

Mtego uko kwenye unga wa lishe, ambao mara nyingi huchanganywa ngano, na kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano. Mzazi, waeleze bibi na majirani. Andazi moja analopewa mtoto kwa mapenzi linatosha kumrudisha nyuma.

Muhogo nao una masharti yake. Ule mchungu una sumu, na usipolowekwa na kukaushwa vizuri unaweza kuleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu uliowahi kuukumba Mkoa wa Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sumu hiyo pia huidhuru thairoidi pale madini joto yanapokosekana. Kwa hiyo, usifupishe siku za kuloweka hata kama njaa inabisha hodi, na tumia chumvi yenye madini joto.

Mwisho ni dawa. Kidonge cha thairoidi meza asubuhi kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Kidonge cha madini ya chuma kisubiri angalau saa nne, kwa sababu vikimezwa pamoja cha thairoidi hakifyonzwi vizuri. Usimeze kidonge cha chuma kwa chai. Tumia maji, ukisindikiza na chungwa, embe au bibo wakati wa msimu wa korosho, kwani matunda haya husaidia mwili kuyapokea madini hayo.

Utumbo ukipona, ufyonzaji hubadilika na dozi ya thairoidi inaweza kuhitaji kurekebishwa. Usiipunguze wala kuiongeza mwenyewe. Rudi kupima.