Mawaidha ya Ajahn Chah na Kazi ya Mfasiri

Ajahn Chah ni mmojawapo wa walimu wa Kibudha wa karne ya 20 ambao mafundisho yao yalienea mbali na nchi yao. Alizaliwa mwaka 1918 katika jimbo la Ubon Ratchathani, kaskazini-mashariki ya Tailandi. Mwaka 1954 alianzisha makao ya watawa msituni, yaitwayo Wat Nong Pah Pong. Akafariki mwaka 1992. Neno Ajahn ni la heshima, maana yake mwalimu. Vitabu vyenye jina lake ni vingi, walakini yeye hakuwa mwandishi. Alisema, na wanafunzi wake wakayanasa maneno katika kanda, kisha wakayaandika na kuyafasiri.

Jambo hilo si geni katika dini hiyo. Mafundisho ya Budha yalihifadhiwa vifuani kwa karne nyingi kabla ya kuandikwa kwa Kipali huko Sri Lanka, katika karne ya kwanza kabla ya Kristo. Kwa Kiswahili, maneno ya namna hii yafaa yaitwe mawaidha, wala si hotuba. Mwenye hotuba hupanga hoja zake zifikie mwisho. Mwenye kuwaidhi hulirudia neno lile lile mpaka limwingie msikilizaji. Mfasiri anayeyakata marudio hayo kwa kuyadhani ni upungufu huwa ameyageuza mawaidha kuwa insha.

Hasara nyingine ni ya lugha yenyewe. Wanavijiji wa sehemu zile husema lugha ya jamii ya Kilao, na Ajahn Chah aliwaidhi mara kwa hiyo, mara kwa Kithai cha nchi nzima. Mwaka 1967 alijiunga naye Mmarekani aitwaye Sumedho, na mwaka 1975 yakaanzishwa makao ya Wat Pah Nanachat kwa ajili ya watawa wageni. Hapo ndipo Kiingereza kilipopata nguvu. Lakini katika Kiingereza cha vitabu haionekani tena ni wapi mwalimu alisema kama mtu wa nyumbani. Msomaji ajuaye tofauti iliyopo baina ya Kimvita na Kiswahili sanifu hatashindwa kuupima uzito wa jambo hilo.

Yako pia matatizo ya istilahi. Neno sati kwa asili lahusu kukumbuka, T. W. Rhys Davids, mwaka 1881, alilifasiri kwa neno la Kiingereza lenye maana ya uangalifu, na maana ya kumbukumbu ikafifia. Kiswahili kina bahati hapa, maana kitenzi kuzingatia huzichukua zote mbili: kulishika jambo moyoni lisisahauliwe, na kuliangalia sana.

Dukkha ni gumu zaidi. Mateso ni neno zito mno. Dhiki lavutia kwa sauti yake, lakini mfanano huo ni wa bahati tu, kwani dhiki imetoka katika Kiarabu. Tena tajiri mwenye afya na watoto hasemwi kuwa yumo katika dhiki. Ilhali kwa Mabudha yeye naye hakuepukana na dukkha, kwa sababu alivyo navyo havidumu. Yafaa basi neno la Kipali liachwe kama lilivyo, na maana yake ielezwe kwa mifano.

Hiyo ndiyo njia aliyoifuata mwalimu mwenyewe. Mfano wake wa bilauri wajulikana sana: mwenye kuiona kuwa imekwisha kuvunjika huinywea kwa furaha, wala haililii siku ianguka​po. Mfano huo waweza kuingia katika Kiswahili bila istilahi hata moja.

Tangu miaka ya mwanzo ya 1980 maradhi yalimnyima Ajahn Chah uwezo wa kusema, naye akaishi hivyo takriban miaka 10 mpaka kufa kwake. Wanafunzi walibaki na kanda na kumbukumbu zao. Kwa hiyo atakayemfasiri hana budi kuanza kwa sikio, ndipo aushike wino.