Dakika ya Kwanza ya Mtoto na Kumbukumbu ya Mikono

Mtoto akizaliwa bila kupumua, aliye kando ya kitanda cha leba ana sekunde 60. Amkaushe, amsugue mgongo, na asipolia ashike ambu (mfuko wa kusukumia hewa), afunike pua na mdomo kwa maski pasipo kuacha mwanya, asukume hewa kama mara 40 kwa dakika huku akitazama kifua: kinainuka au hakiinuki? Wengi wa watoto hawa hawahitaji dawa wala mashine kubwa. Wanahitaji mtu ambaye mikono yake haijasahau.

Na mikono husahau. Mwanafunzi wa uuguzi aliyepanga chumba Manyatta, anayetembea kila asubuhi hadi hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi Kisumu bado huiita Russia, anaweza kumaliza zamu baada ya zamu bila kukutana na mtoto wa namna hiyo. Watoto wengi hulia wenyewe, na tunashukuru. Lakini ujuzi aliofundishwa unakaa bure, na ndani ya miezi michache huanza kumtoka. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alionyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi zaidi mwanzoni, na kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku kadhaa kunafaa kuliko kujilazimisha kukariri kwa mkupuo.

Ushahidi unaonigusa zaidi unatoka Haydom, mkoani Manyara, Tanzania. Mwaka 2010 wahudumu wa hospitali ya huko walipewa mafunzo ya siku moja ya Helping Babies Breathe, yaani kuwasaidia watoto wachanga kupumua, wakitumia NeoNatalie, mwanasesere anayejazwa maji hadi awe na uzito wa mtoto mchanga. Walipopimwa miezi kadhaa baadaye, mbele ya mwanasesere walifanya vizuri kuliko awali. Kwa watoto halisi, huduma yao haikuwa imebadilika. Ni matokeo ya kuumiza, maana cheti kilikwisha kutolewa. Hospitali ikaleta mazoezi palepale kazini: dakika 3 hadi 5, kila wiki, mara kwa mara. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mwanasesere alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni ratiba.

Kwa hiyo ninapoulizwa kama kompyuta na simu zinaweza kufundisha wauguzi, kwangu swali la kwanza ni hili: zinarahisisha kurudia? Taasisi ya KEMRI-Wellcome Trust hapa Kenya na Chuo Kikuu cha Oxford walitengeneza LIFE, mchezo wa simu unaomweka mhudumu ndani ya hospitali ya kuigiza. Mtoto hapumui, unachagua hatua inayofuata, ukikosea unaelekezwa, kisha unaanza upya. Mwanafunzi anaweza kuucheza chumbani kwake usiku, bila mwalimu na bila kusubiri zamu ya kutumia mwanasesere mmoja wa chuo. Mpangilio wa maamuzi, ambao hofu huuvuruga haraka sana, hujengeka vizuri kwa njia hii.

Mkono ni jambo jingine. Kioo cha simu hakivujishi hewa. Hakikuonyeshi kwamba shingo ya mtoto imekunjwa mno, au kwamba kidole chako kimelegea kwenye ukingo wa maski na hewa yote inapita shavuni. Hilo hufunzwa na mwanasesere tu, na mtu mzoefu aliyesimama karibu.

Kwa wanafunzi wa chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC na wa Chuo Kikuu cha Maseno wanaopitia wodi zetu ningependa vyote viwili: simu kila wiki, na mwanasesere leba penyewe, mezani, wala si ndani ya kabati lenye kufuli ambalo ufunguo wake uko ofisini. Na mtihani wa vitendo usiishie siku ya mwisho ya kozi. Urudiwe mwezi wa tatu na wa sita, mwanafunzi akiitwa katikati ya zamu bila taarifa, ambu mkononi, saa ikihesabu.